Kipawa cha Thabeet na Mizani Yetu

Hasheem Thabeet alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1987, akakua hadi kufikia mita 2.21. Mpira wa kikapu aliuanza akiwa kijana tayari, umri ambao wenzake wa Marekani huwa wameshaucheza nusu ya maisha yao. Miaka michache baadaye alikuwa Chuo Kikuu cha Connecticut, akizuia mitupo zaidi ya minne kila mchezo kwa wastani. Mwaka 2009 timu ya Memphis Grizzlies ikamchagua wa pili kati ya vijana wote waliokuwa wakiingia NBA, Mtanzania wa kwanza kufika huko. James Harden alichaguliwa wa tatu, na Stephen Curry wa saba.

Yaliyofuata tunayajua. Katika msimu wake wa kwanza alishushwa ligi ya chini kwa muda, kisha akapitia Houston, Portland na Oklahoma City. Miaka mitano, michezo 224, wastani wa pointi 2.2. Na sisi, ukilitaja jina lake nje ya kanisa baada ya ibada, hukosi mtu wa kutikisa kichwa na kusema kijana yule aliichezea bahati.

Ndugu msomaji, hukumu hiyo hatuitoi kwa wachezaji tu. Yupo binti aliyeongoza mtihani, usharika mzima ukamchangia karo, na leo anauza vocha kituo cha basi. Mama yake siku hizi hukaa benchi la nyuma kabisa.

Lugha yetu inasema kipawa, yaani kitu mtu alichopawa. Urefu ule Thabeet hakuufanyia kazi; alipewa. Lakini ile nafasi ya pili haikutoka kwa Mungu. Waliiandika viongozi wa timu kwa makisio yao, naye akaibeba. Angechaguliwa wa hamsini, michezo 224 ingesimuliwa kama ushindi wa mtoto wa Dar es Salaam. Mtu ni yule yule na pointi ni zile zile.

Katika mfano wa talanta, Mathayo 25, bwana aligawa akijua uwezo wa kila mtumwa. Aliyeleta mbili za faida alipokea pongezi zile zile alizopokea aliyeleta tano. Hakuulizwa kwa nini hakumfikia mwenzake. Na tena, watumwa wenyewe hawakaguani hesabu. Anayekagua ni mwenye mali.

Wengine watasema huku ni kutetea uzembe. Hapana, maana yule wa tatu alihukumiwa, na kwa ukali. Aliogopa, akachimba shimo, akafukia. Basi tukitaka kumpima Thabeet kwa mfano huu, swali ni kama alifukia. Ninachokiona ni mtu aliyeendelea kucheza Japani na Taiwan akiwa amevuka miaka 30, mahali ambapo hakuna aliyekuwa akimsubiri awe nyota. Kama mazoezini kule Memphis alijituma kwa nguvu zake zote, hilo mimi silijui, wala wewe hulijui. Kocha wake alikuwa na haki ya kumweka benchi, kwa kuwa kocha huamua nani acheze leo. Kusema kwamba maisha ya mtu yamepungukiwa ni kesi nyingine, na haikuletwa mbele yetu.

Nadhani kinachotuuma hasa ni kwamba tulikuwa tumeshajihesabia sehemu yetu. Tulitaka bendera yetu ipepee Marekani, na kwa yule binti tulitaka daktari wa kumtaja mbele ya wageni. Tulipopitisha kapu la karo yake, ilikuwa sadaka au tulikuwa tunanunua hisa? Kama ilikuwa sadaka, ilishatolewa. Mama yake anaweza kurudi benchi lake la mbele Jumapili ijayo, na sisi tumsogelee tumpishe nafasi.