Tafakari ya Ramadhani, siku ya 19: Mwombaji na mkusanyaji



Ndugu zangu katika imani, tunakaribia kumi la mwisho. Ni siku ambazo mikono yetu inafunguka, na ndizo siku ambazo hodi mlangoni zinaongezeka. Sisi wa Mikumi tunaishi juu ya barabara kuu. Mtu anashuka kwenye basi saa nane mchana na mkoba wake na kitabu cha risiti, anapita nyumba kwa nyumba, na kabla ya Magharibi ameshapanda gari lingine. Kaenda Iringa au Morogoro, nani anajua? Leo tuzungumze juu ya mtu huyo. Naanza na kisa changu mwenyewe, maana sina haki ya kumnyooshea mwenzangu kidole.

Miaka michache nyuma, Ramadhani kama hii, alinijia kijana nadhifu. Kanzu nyeupe, kofia, salamu imekamilika. Alikuwa na barua yenye muhuri na picha za watoto wamekaa mkekani mbele ya jengo lisilo na bati. Yatima, akasema, wa madrasa moja ya mbali. Nikatoa elfu ishirini, na roho yangu ikatulia mpaka Idi. Baadaye tukapata namba ya mtu wa kijiji kile alichokitaja, tukapiga. Madrasa hiyo hawaijui.

Nikasema kama tunavyosema wengi: "Mimi nimetoa kwa nia yangu, yeye atajuana na Mola wake." Yakaisha.

Kumbe hayakuisha. Mwaka uliofuata akaja mzee, kandambili miguuni, vumbi mpaka magotini. Mwalimu wa madrasa kutoka vijiji vya upande wa Ulaya, Ulaya yetu hii ya njia ya Kilosa, si ile ya ng'ambo. Hakuwa na barua wala picha. Alisema upepo umeezua darasa, anatafuta bati na misumari. Sikumuuliza hata swali moja. Nikamwambia, "Mzee wangu, leo hakuna." Akaniombea dua, akaondoka. Baada ya mwezi hivi nikaenda msibani pande zilezile kwa bodaboda, nikaliona lile darasa kwa macho yangu. Paa hakuna, na watoto wamehamia chini ya mwembe na juzuu zao.

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Tapeli alichukua elfu ishirini yangu, lakini haki ya yule mzee nilimnyima mimi mwenyewe.

Nikakaa nikafikiri: nilikosea wapi? Mwaka wa kwanza nilitoa, mwaka wa pili nilinyima. Yanaonekana mambo mawili tofauti, lakini kosa ni lilelile: mara zote mbili *sikuuliza*. Ukarimu wangu ulikuwa wa uvivu, na tahadhari yangu ikawa ya uvivu vilevile.

Wengine watasema kuuliza ni dhana mbaya. Watakumbusha kwamba Sura ya Adh-Dhuha inatukataza kumkaripia mwenye kuomba. Ni kweli kabisa. Lakini jamani, tutenganishe watu wawili. Yupo *mwombaji*, anayesema, "Mimi nina njaa." Huyo mpe, hata kama ni kikombe cha uji na tende tatu, na kama huna, mpe neno jema. Usimfanyie upelelezi. Na yupo *mkusanyaji*, anayesema, "Wapo wenye njaa mahali fulani, nipe mimi nitawapelekea." Huyu haombi sadaka yako. Anaomba umfanye wakala wako, anaomba amana. Na amana haikabidhiwi gizani.

Angalieni alivyofanya Mtume wetu (s.a.w.). Alimtuma mtu anayejulikana kwa jina la Ibn al-Lutbiyya kukusanya zaka. Aliporudi akagawa mafungu mawili: hili lenu, na hili nimepewa zawadi. Mtume alichukizwa, akapanda mimbari na kulisema jambo lile mbele ya watu. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim. Sasa ikiwa mkusanyaji aliyetumwa na Mtume mwenyewe alihesabiwa, huyu aliyeshuka kwenye basi leo ataudhika vipi akiulizwa nani kamtuma?

Na ipo hadithi ya Qabisa bin Mukhariq katika Sahihi Muslim. Mtume alimweleza watu watatu wanaoruhusiwa kuomba. Wa kwanza, aliyebeba dhamana ya deni kwa ajili ya wengine. Wa pili, aliyepatwa na janga likaangamiza mali yake. Hapa nawakumbuka ndugu zetu wa Kilosa, Mkondoa ulipovunja kingo mwishoni mwa 2009 na kuingia 2010, maelfu wakalala kwenye mahema na hata reli ikakatika. Janga kama lile kila mtu aliliona. Wa tatu ni aliyepatwa na ufukara, na kwake yeye Mtume akataja mashahidi: watu watatu wenye akili katika jamaa zake waseme kwamba kweli fulani kafikwa. Umeona? Dini yetu haikuona kuwa kuuliza majirani ni kumvunjia mtu heshima. Ushahidi wa watatu ndio unaomfungulia mkweli mlango.

Tuje kwenye lile neno letu, "nimetoa kwa nia yangu." Ni kweli, tunasimuliwa habari ya mtu aliyetoa sadaka usiku ikaangukia mikononi mwa mwizi, na bado ikakubaliwa. Kwa hiyo aliyetapeliwa asihuzunike, malipo yake yako kwa Allah. Lakini tusiifanye hadithi hii mto wa kulalia. Nia yangu imenisalimisha mimi, sawa. Je, yatima yeye amekula nia yangu? Thawabu haikupotea, ila uji wa mtoto umepotea. Sadaka ni ibada yangu, na ni haki ya mwingine pia. Nikijali thawabu peke yake, nimemsahau mwenye haki.

Basi tufanyeje? Tuulize, tena kwa adabu. Mkaribishe mgeni, mpe maji kama hakufunga kwa ajili ya safari, kisha muulize: kijiji gani, imamu wenu nani, namba yake hii hapa? Piga simu mbele yake. Siku hizi hakuna kijiji ambacho hatuna shemeji, mteja au dereva wa bodaboda anayekifahamu. Au uliza BAKWATA wilaya. Akitaka utume kwa simu, soma jina linalotokea kabla hujaweka namba ya siri. Kama ni msikiti unaochangiwa, kwa nini jina ni la mtu binafsi ambaye hata imamu hamjui? Na ukishajua ni tapeli wa simu, itume namba yake TCRA, 15040, ili asimpate mwenzako.

Lililo bora kuliko yote, mwambie: "Ndugu yangu, baki tufuturu pamoja, baada ya Tarawehe tutakutambulisha kwa jamaa." Mkweli atafurahi, maana nyumba moja imemfungulia msikiti mzima. Mwongo atakumbuka kwamba ana basi la kuwahi. Tapeli anachokiogopa ni muda.

Yule mzee nilimtafuta. Bati nilipeleka, si nyingi, na nikamuomba radhi. Alicheka tu, akasema, "Mwanangu, ungeniuliza ningekwambia." Neno hilo sijalisahau mpaka leo.

Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Tusiufunge moyo kwa sababu ya mwongo mmoja, na tusimwache mwongo ale chakula cha wenye haki. Leo akija mtu kubisha hodi, kabla ya kusema "hakuna" na kabla ya kuingiza mkono mfukoni, muulize swali moja, na umsikilize anavyojibu.

Ewe Mola wetu, zikubali funga zetu na sadaka zetu, zifikishe kwa wanaostahiki, na utulinde tusidanganywe wala tusimdhulumu mkweli. Aamin.

Wabillahi tawfiq.