Alinisamehe, Lakini Deni Lilibaki

Jambo hili nimeona aibu kulisimamia mbele ya kanisa, basi nimeliandika.

Nilikuwa na pikipiki ya boda. Kijana mmoja aliiendesha, na kila jioni aliniletea shilingi 300. Bima ilipoisha sikuilipa. Karo ilikuwa imenibana, nikasema nitalipa mwezi ujao. Nyuma ya kiti nilikuwa nimeandikisha kwamba damu ya Yesu ndiyo bima yangu. Wiki ya tatu, siku ya soko, kijana akamgonga mama muuza viazi vitamu hapa Kosele akivuka barabara kuu ya Kisumu–Kisii. Mguu ukavunjika mahali pawili.

Nilienda hospitalini na wazee wawili wa kanisa, tukaomba. Yule mama, ambaye si wa kanisa letu, akanishika mkono akasema, "Nyathina, nimekusamehe. Ni shetani tu." Nilitoka pale mwepesi kama mtu aliyetua gunia. Jumapili nikatoa ushuhuda, mkapiga makofi. Miezi miwili baadaye nikasikia kwamba watoto wake wameuza ng'ombe wao wa maziwa ili walipe bili.

Tangu siku hiyo swali limenikalia rohoni: akishanisamehe, deni langu limekwisha?

Nianze na yale maandishi ya nyuma ya kiti. Wengi wetu tunasema kulipa bima ni kukosa imani. Lakini hebu tuangalie bima inayolazimishwa na sheria ya Kenya, ile ya Sura ya 405, inamlinda nani. Si mimi. Pikipiki yangu ikiharibika, bima hiyo hainitengenezei. Inamlipa yule mwingine ambaye chombo changu kimemuumiza. Basi mimi naweza kusema imani yangu inanitosha, sawa, ni yangu. Lakini nani alinipa ruhusa ya kuweka mguu wa mama wa watu chini ya imani yangu?

Katika Kumbukumbu la Torati 22:8 Mungu anamwagiza mwenye kujenga nyumba aweke ukuta mdogo pembeni mwa dari, asije mtu akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba ile. Mwenye nyumba anaijua dari yake, hata gizani. Ukuta ule unamkinga pia mgeni asiyeijua. Mungu hakumwambia mwenye nyumba aombe tu wageni wasianguke.

Sasa msamaha. Kutoka 21:18–19 inasema mtu akimpiga mwenzake akalala kitandani, ampe malipo ya siku alizopoteza na agharamie matibabu hadi apone kabisa. Pale ni ugomvi na kwangu ilikuwa ajali, najua. Lakini mguu uliovunjika hauulizi kama ulikusudiwa. Na Zakayo, katika Luka 19, Yesu alikuwa tayari ameingia nyumbani kwake, hata watu wananung'unika, ndipo akasimama akasema atarudisha mara nne. Bwana hakumwambia, "Wacha tu, nimekusamehe." Neema ndiyo iliyomfungua mkono.

Kusamehe ilikuwa kazi ya yule mama, naye aliifanya. Kulipa ilikuwa kazi yangu, nami nilijificha nyuma ya kazi yake. Nilimwacha afanye zote mbili.

Ndugu mmoja aliniambia, "Hata ungelipa bima, hizo kampuni hulipa?" Hasemi uongo. United Insurance, iliyokuwa na matatu nyingi, iliwekwa chini ya msimamizi mwaka 2005, na Blue Shield ikafuata 2011. Watu walioshinda kesi zao kortini walibaki na karatasi mkononi. Hilo ni dhambi ya wengine, nao watalijibu. Halifuti yangu. Hata kampuni ikiwa nzuri, sheria inailazimisha kulipa mwisho shilingi milioni 3 kwa mtu mmoja. Ikizidi hapo, inamrudia mwenye chombo. Kwa hiyo bima inanisaidia kubeba deni. Deni lenyewe linabaki kuwa langu.

Na kuna upande wa pili. Ajali ikitokea, kuna wanaopita vijijini wakitafuta majina ya kujaza orodha ya abiria walioumia. Mpendwa, ukikubali jina lako liandikwe na hukuwa ndani ya gari, usidhani umekula pesa ya tajiri. Madai ya uongo yanapandisha bima ya kila boda, na aliyeumia kweli anashukiwa pamoja nawe.

Kwa waliogongwa, msiogope kudai mkidhani mtapoteza wokovu. Unaweza kumsamehe dereva moyoni na bado udai haki yako bila chuki. Ripoti polisi mapema, chukua nambari ya OB, jaziwa fomu ya P3, weka risiti zote. Sheria inakupa miaka mitatu ya kufungua kesi, nayo hupita haraka.

Mimi niliuza ile pikipiki. Pesa yake haikutosha ng'ombe na bili, kwa hivyo kila mwisho wa mwezi nampelekea shilingi 2,000. Amerudi sokoni, anatembea kwa fimbo. Mara ya kwanza alikataa, akasema si alishanisamehe. Nikamwambia, "Mama, ndiyo maana naweza kuja."

Jumapili tunapowekea magari na pikipiki mikono tukiziombea, wewe mwenye chombo tazama kwanza tarehe kwenye bima yako. Kama imepita, nenda ukailipe, kisha urudi tuombe pamoja. Amina.