Majaliwa na Saa ya Kiharusi

Katika vijiji vya Masasi na Newala, kusini mwa Tanzania, ambako Waislamu na Wakristo huishi mtaa mmoja na mara nyingine ukoo mmoja, mtu anayeamka mdomo umekwenda upande, mkono mmoja umelegea na maneno hayamtoki sawasawa huzusha maswali mawili kwa pamoja: amepatwa na nini, na nani amemtupia. La kwanza lina jibu. Kiharusi ni kukatika ghafla kwa damu iendayo sehemu ya ubongo, ama kwa mshipa kuzibwa na bonge la damu, ama kwa mshipa kupasuka, na mara nyingi chanzo chake ni shinikizo la damu lililokaa mwilini miaka mingi bila kuuma. La pili ni zito kuliko wanavyodhani wanaolibeza, kwani mwanaanthropolojia E. E. Evans-Pritchard, katika kitabu chake cha 1937 juu ya kabila la Wazande, alionyesha kwamba anayetaja uchawi anajua vema kuwa ghala lililowaangukia watu lilianguka kwa kuliwa na mchwa. Anachouliza ni kwa nini liangukie watu wale, saa ile. Hilo ni swali la maana ya msiba, wala tiba haikuahidi kulijibu.

Kosa, basi, haliko katika kuuliza bali katika lipi litangulie. Ubongo ulionyimwa damu hukadiriwa kupoteza seli milioni 1.9 kila dakika, na dawa ya kuyeyusha bonge kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4.5 tangu dalili kuanza, tena baada ya picha ya CT kuonyesha kwamba hakuna damu iliyovuja, ndiyo maana saa ya dalili ya kwanza ni ya kukumbukwa. Hata pasipo na dawa hiyo, anayefikishwa mapema hospitali ya Mkomaindo, ya Ndanda au ya Newala hupimwa sukari, ambayo ikishuka mno huiga kiharusi na hurekebishika upesi, na hukingwa asipaliwe, hatari ambayo jamaa wenye huruma huileta wanapomnywesha uji au dawa ya mizizi ilhali koo limepooza.

Wapo wasemao kwamba kukimbilia hospitali ni kushindana na majaliwa. Lakini Khalifa Umar bin al-Khattab, alipoghairi kuingia Sham kwa sababu ya tauni na kamanda wake Abu Ubayda akamhoji kama anaikimbia kadari, alijibu kwa maana kwamba aendako nako ni kadari ya Mungu. Yoshua bin Sira, katika sura ya 38 ya kitabu chake, humhimiza mgonjwa asali na pia ampe tabibu nafasi yake, na Wabenediktini walioanzisha misheni ya Ndanda mwaka 1906 walikuja kujenga hospitali jirani na kanisa.

Kinachochelewesha zaidi huenda si imani bali adabu. Kwa Wamakonde, Wamakua na Wayao, ambao nasaba yao hufuata upande wa mama, neno la mjomba lina uzito, na mgonjwa anaweza kulazwa mkekani akisubiriwa mjomba afike kutoka shambani au Mtwara. Heshima hiyo ni njema na haifai kuvunjwa. Lakini mjomba anaweza kuitoa ruhusa mapema, wote wakiwa wazima, kwamba dalili zikionekana gari litafutwe bila kumngoja, na kikao cha ukoo kifanyike baadaye, pengine mgonjwa mwenyewe akiwa bado na ulimi wa kusema ndani yake.