Nyuma ya Ukuta wa Altare



Wako waumini wanaotuuliza kama ni halali Mkristo kumtolea fedha mtu azungukaye miji akicheza sarakasi sokoni, naye ana mikono miwili ya kushika jembe. Swali hili si jipya. Bunge la Uingereza lililijibu mwaka 1572, tena kwa ukali: mpiga ala au mfanya viinimacho azungukaye bila bwana mkubwa wa kumdhamini alihesabiwa mzururaji, akachapwa viboko na kutobolewa sikio la kuume kwa chuma cha moto. Na waliotunga sheria hiyo walikuwa watu wa Kanisa la Uingereza, mama wa kanisa letu.

Basi tuitazame kazi yenyewe. Mchezaji wa njiani hana mshahara. Hufika na begi lake, hutandika kamba chini kuwa mpaka wa uwanja wake, kisha huanza kuwaita watu ambao hawakumjia yeye. Hapo ndipo penye taabu, kuliko kurusha visu na kuvidaka. Kumi wakisimama, wengine huja. Mvua ikinyesha, wote hukimbia na riziki ya siku imekwenda. Habari ya kofia huisema kabla ya mchezo wa mwisho, kwa maana anatujua: tukishaona mwisho twageuka na kwenda zetu. Ametuchekesha nusu saa, sisi na watoto wetu, nasi twapapasa mifuko kana kwamba haina kitu. Huko si kubana matumizi, ni dhuluma. Bwana wetu alipowatuma wale sabini wapite mijini bila mkoba, alinena pia juu ya ujira wao (Luka 10:4-7).

Na wanaodharau mchezo wenyewe wamkumbuke Mikali dirishani, na Daudi akicheza njiani mbele ya Sanduku (2 Samweli 6).

Huko London, kwenye uwanja wa Covent Garden, liko kanisa letu la Kianglikana la Mtakatifu Paulo, lililomalizika kujengwa mwaka 1633. Fundi Inigo Jones alikusudia mlango mkubwa uelekee uwanjani, upande wa mashariki. Lakini altare ikawekwa upande huo, kama ilivyo desturi, na mlango ukazibwa. Katika uwanja huo Samuel Pepys alitazama mchezo wa vikaragosi tarehe 9 Mei 1662, akauandika katika shajara yake. Na hadi leo wachezaji husimama chini ya nguzo za kanisa, mbele ya mlango usiofunguka. Altare iko nyuma ya mgongo wa mchezaji, ukuta mmoja tu kati yao. Umati unaomcheka unaielekea bila kujua.

Atakaye kuingia huzunguka hadi magharibi, akapita bustanini. Kwa miaka mingi wacheza vikaragosi wamekusanyika katika bustani hiyo kila Mei, na ibada hufanywa pamoja nao.