Kasi na kiasi



Kuna maswali ya maadili ambayo hatuyapeleki kwenye kitubio wala kwenye semina ya vijana, kwa sababu yanaonekana madogo mno. Hili ni mojawapo: je, nibadilishe prosesa ya laptopu yangu, au ibaki ilivyo? Wiki ya tatu hii naligeuzageuza, na naona si suala la ufundi tu.

Laptopu yenyewe ni ThinkPad T420, toleo la mwaka 2011. Ni kati ya zile ambazo prosesa inachomoka: unatoa ya zamani, unaweka nyingine palepale kwenye soketi. Siku hizi prosesa za laptopu karibu zote zimechomelewa kwenye bodi, kwa hiyo swali hata haliulizwi, watu wananunua mashine mpya. Yangu ina Core i5 ya kore mbili. Fundi mmoja Kariakoo anasema atanifungia i7 ya kore nne, ya mtumba, kwa shilingi 120,000. Hela ninayo, na ndiyo maana kuna cha kuamua.

Utaniambia: si dhambi, hela yako, nunua. Kweli si dhambi. Lakini "si dhambi" ni kipimo cha chini mno kwa mtu anayetaka kumfuata Kristo. Ni kama kumuuliza mchumba wako, "Nikuudhi mpaka wapi ndipo uniache?"

Mtakatifu Inyasi wa Loyola, mwanzoni kabisa mwa Mazoezi ya Kiroho, anafundisha kwamba vitu viliumbwa vimsaidie mwanadamu kufikia lengo lake. Basi avitumie kadiri vinavyomsaidia, na aviache kadiri vinavyomzuia. Kwa hiyo kabla ya kuuliza kama naitaka, niulize ni ya nini.

Jibu langu la haraka: ya kwaya. Mimi ndiye ninayeandika nota na kusafisha rekodi zetu. Hapo sasa, vijana wenzangu, tuwe macho. Tamaa yetu sisi watu wa parokia ina ujanja wake: inakuja imevaa kanzu ya utumishi. "Nataka simu kali, nipige picha za jumuiya." Jamani, si tuseme tu kwamba tunapenda vitu vizuri? Kupenda kitu kinachofanya kazi vizuri si aibu. Kumsingizia Bwana ndiyo aibu.

Ila kuna upande wa pili pia. Kung'ang'ania kitu kibovu ili nionekane maskini wa roho nako ni majivuno. Wanakwaya wakikaa nusu saa wanasubiri rekodi ifunguke, muda unaoteketea ni wao, na siwezi kutoa sadaka ya muda wa mtu mwingine.

Kwa hiyo nikapima. Fadhila ya busara inaanza kwa kuona mambo yalivyo, na kompyuta ina mahali pa kukuonyesha nini kinafanya kazi na kwa kiasi gani. Kila ilipokwama, prosesa ilikuwa inacheza kwenye 30%, huku diski imegonga 100%. Ni ile diski ya kizamani, ya kuzunguka. Yaani prosesa ninayoilaumu inakaa tu inamsubiri mwenzake! Inafika 100% pale tu ninapohifadhi rekodi iliyokamilika, dakika chache. Halafu ile i7 imepangiwa wati 45, wakati hii yangu ni 35. Joto lote hilo lingeishia kwenye feni ambayo tayari inapumua kwa shida. SSD ndogo ni 65,000.

Inyasi ana ushauri mwingine ninaoupenda: jiwazie mtu usiyemjua kabisa, unayemtakia mema tu, amekuja na swali hilohilo. Utamwambia nini? Mimi ningemwambia afunge SSD, asafishe feni, apake grisi mpya ya kupitisha joto, na prosesa aachane nayo. Ningemjibu bila hata kufikiri. Nikirudi kwangu, bado naitaka ile i7, na hakuna hesabu inayonitoa hamu hiyo.

Kuna jambo moja lenye uzito kuliko kasi. Mwaka 2015, katika Laudato si', Papa Fransisko alikemea utamaduni wa kutupa. Ndani ya vifaa vyetu mna tantalamu, na sehemu yake hutoka kwenye koltani ya Rubaya, Kivu Kaskazini, inayochimbwa kwa mikono na watu wengine wa rika letu. Prosesa ya mtumba haichimbi shimo jipya, tuwe wa haki. Laptopu mpya ndiyo inayochimba. Kinachonidai hasa, basi, ni kuifanya hii iishi miaka mingine, na joto la zaidi halinisaidii hapo.

SSD tunaifunga Jumamosi. Zinabaki 55,000. Fundi ameshaniuliza kama tuziongezee RAM, nimemwambia anipe wiki moja.