Kinachopita na Anayebaki

Kwala, wilayani Kibaha, palipozinduliwa bandari kavu tarehe 31 Julai 2025, makontena hupangwa uwanjani yakingoja kusafirishwa. Tuseme mtu amepita leo akahesabu makontena mia tano, na wiki ijayo akakuta mia tano vilevile. Hawezi kusema kama uwanja ulilala au ulifanya kazi usiku na mchana, maana huenda hakuna lililotoka, na huenda yote yametoka yakaja mengine. Kuhesabu kilichopo hakumwonyeshi kinachopita. Atakayetaka kujua hana budi kuyatia alama baadhi ya makontena, kisha aangalie alama hizo zinapotea upesi kiasi gani. Njia hiyo hiyo ndiyo inayotumika kupima sukari ndani ya mwili wa binadamu, na nionavyo mimi, majibu yake yanagusa swali ambalo dini na falsafa zimelibeba karne nyingi: je, mwili huu ndio mtu mwenyewe?

Tone la damu ya kidole likisomwa 5 (milimoli kwa lita) kwenye glukometa, mashine ndogo ya kupimia sukari ya damu, tumehesabu makontena tu. Damu yote ya mtu mzima ina sukari ya gramu nne au tano hivi, kijiko kimoja cha chai. Lakini mtu wa kilo 60 aliyelala bila kula, ini lake humwaga damuni takribani gramu saba kila saa, na ubongo na viungo vingine huzichukua kwa kasi ileile. Namba haitikisiki kwa sababu kinachoingia kinalingana na kinachotoka. Mtiririko huo hujulikana kwa kumwingizia mtu, polepole kwa dripu, glukosi, yaani sukari ya damu, ambayo atomi mbili za haidrojeni yake ni zile nzito, ziitwazo deuteriamu. Hazina mionzi, na mwili huitumia sukari hiyo kama nyingine yoyote. Ila molekuli yake ina uzito wa 182 badala ya 180, na spektromita ya masi, mashine inayotenganisha molekuli kwa uzito wake, huitambua. Ikiwa katika kila molekuli 50 moja ndiyo nzito, basi kwa kila moja iliyotoka kwenye dripu, mwili umetoa 49 zake.

Kipimo hiki kimefika pwani yetu. Mwaka 1997 yalichapishwa matokeo ya watoto wa Kilifi, Kenya, waliokuwa na malaria, ugonjwa unaoweza kuishusha sukari ya mtoto hadi kumuua. Watafiti walitumia glukosi yenye alama ili kujua ini linatengeneza sukari kiasi gani, kisha wakawaongezea watoto alanini, mojawapo ya malighafi ambazo ini hutengenezea sukari. Utengenezaji ukapanda. Ini, basi, lilikuwa na uwezo. Lilichopungukiwa ni malighafi. Hakuna glukometa ambayo ingeweza kusema hivyo.

Na si sukari peke yake inayopita. Kuanzia mwaka 1935, Rudolf Schoenheimer na David Rittenberg wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, waliwalisha panya mafuta yenye haidrojeni nzito, wakakuta kwamba hata akiba ya mafuta, iliyodhaniwa kukaa tu kama gunia ghalani, hubadilishwa daima. Baadaye wakaona hivyohivyo katika protini. Kwa hiyo nasema: anayedai kwamba mtu ni hii nyama na damu iliyopo sasa, na zaidi ya hapo hakuna kitu, anaelekeza kidole kwenye kitu ambacho kesho hakitakuwepo, ilhali mtu atakuwepo, atadaiwa madeni yake na kuitwa kwa jina lake.

Atapinga mwingine kwamba si kila kitu hubadilika: gamba gumu la jino hudumu, na chembe nyingi za ubongo tunaishi nazo tangu utotoni. Ni kweli, na pingamizi hili si la kupuuzwa. Lakini aliyeng'olewa meno yote hajapungua utu hata chembe. Na ile chembe ya ubongo inayodumu, hudumu umbo na kazi yake, huku sukari na protini zake zikija na kwenda. Mwingine atasema mashine haijapata kupima roho. Nakubali, wala sidai kwamba imeithibitisha. Ilichofanya ni kuondoa jibu moja mezani.

Pingamizi zito zaidi ni la muumini: kama mwili hauna kitu cha kudumu, siku ya kufufuliwa kutarudi nini? Imam Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu, alilikabili swali hili mwishoni mwa karne ya 11, katika kitabu chake cha kuwajibu wanafalsafa, akaonyesha kwamba mwili wa mtu hubadilika tangu utoto hadi uzee, unakonda na kunenepa na kujengwa upya kwa chakula, naye ni yuleyule. Basi Mungu anaweza kuirudishia roho mwili hata kama si wa udongo uleule. Hakuwa na deuteriamu wala spektromita. Aliuangalia mwili, akafikiri sawasawa.

Ile haidrojeni nzito waliyopewa watoto wa Kilifi iliishia katika maji ya miili yao, ikatoka kwa mkojo, jasho na pumzi. Watoto walibaki kuwa walewale.