Nibu Ikibadilishwa, Kalamu Ni Ileile?

Kubadilisha nibu ya kalamu ya wino ya bei nafuu ni kazi ya dakika chache. Kalamu huoshwa kwa maji baridi hadi yatoke safi. Nibu, pamoja na ule ulimi wa plastiki ulio chini yake wenye mfereji mwembamba wa kupitishia wino, hushikwa kwa kidole gumba na cha shahada, vikavutwa pamoja bila ya kupindwa. Nibu mpya huwekwa juu ya ulimi, ufa wake ukaelekezwa sawasawa na mfereji, kisha vyote viwili hurudishwa shingoni mpaka vikakaza. Nibu ikiachana na ulimi hata kwa upana wa unywele, wino hukatika katikati ya neno. Ikikaa vyema, kalamu huandika, na mwenyewe huendelea kuiita kalamu yake, wala hapana anayemwuliza kwa haki gani.

Hata hivyo haki hiyo inafaa kuulizwa. Kitu pekee katika kalamu kinachogusa karatasi ndicho kilichotolewa.

Wanafalsafa wana kisa chao cha kale kinachofanana na hiki. Plutarch anasimulia kwamba Waathene waliihifadhi merikebu ya Theseus kwa kutoa mbao zilizooza na kutia nyingine mahali pake, mpaka wenye hoja wakagawanyika, hawa wakisema ni ileile na hawa wakisema siyo. Thomas Hobbes, katika kitabu alichokitoa 1655, aliukaza ubishi: je, mtu angeziweka mbao zote kuukuu na kuziunda upya kwa mpangilio uleule, merikebu ya kweli ingekuwa ipi? Msomaji wa pwani hana haja ya kwenda Athene kulitafuta swali hili. Mtepe wa kale, ambao mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi bila ya msumari, ulikuwa ukishonwa upya kamba zilipochakaa, na chombo kikarudi majini na jina lake.

Lakini kalamu si chombo cha baharini. Mbao za ubavuni zina daraja moja; ubao huu ukitoka, ule wa pili hufanya kazi ileile. Katika kalamu daraja hazilingani kabisa. Kifuniko kikipotea, kalamu hukauka wino tu. Bomba likipasuka, hufungwa utepe. Nibu ikiharibika, kilichobaki ni kijiti chenye wino ndani.

Walikuwapo watengenezaji waliolijibu swali hili kwa njia ya biashara. Kampuni ya Esterbrook ya Camden, New Jersey, nchini Marekani, katikati ya karne ya 20 iliuza kalamu za bei nafuu ambazo nibu zake zilikuwa za kuskurubu, kila moja na namba yake. Namba 1550 ilikuwa nyembamba sana, ya watunza daftari za hesabu. 1551 ya wanafunzi. 1555 ya waandishi wa hati mkato ya Gregg. Mnunuzi alichagua nibu ya mkono wake, na ilipochakaa alirudi dukani kununua nyingine. Kwa kampuni hiyo nibu ilikuwa kama utambi wa kandili: huungua, hutolewa, hutiwa mwingine, na kandili ikabaki kandili. Wajerumani wa Lamy walifuata njia iliyo karibu na hiyo katika kalamu yao ya Safari, iliyotoka 1980 ikilengwa wanafunzi. Nibu yake huchomoka mbele kwa kuvutwa, na miongoni mwa nibu zake imo ya wanaotumia mkono wa kushoto, watu ambao skuli nyingi zilikuwa zikiwapiga badala ya kuwatafutia nibu.

Hoja ya utambi ni nzuri, nayo inatosha kwa nibu za chuma kitupu, kama zile za Esterbrook za namba za 1000, zilizokunjwa ncha tu na kuisha upesi. Haitoshi kwa nibu zilizotiwa nchani tone la madini magumu. Hizo huchukua miaka kulika, na huko kulika kwake hufuata mkono wa mwenyewe: pembe anayoishikia kalamu, upande anaoukandamizia, mwendo wa herufi zake. Ndiyo maana wazee walikataa kuazima kalamu zao za wino, na wala haukuwa ubahili. Utambi haumjui mwenye taa, lakini nibu ya aina hii, ikishatumika sana, huwa kama soli ya kiatu.

Basi chukulia mzee aliyeandika kwa kalamu moja miaka thelathini. Mwaka mmoja kabla ya kufa nibu ikaanguka sakafuni ikapinda. Fundi akatia nyingine, na ile iliyopinda ikawekwa katika mtoto wa meza. Baadaye mtu mwingine akainyoosha, ikafaa, ikatiwa katika bomba jipya la bei ndogo. Wanawe wawili sasa wana kalamu mbili, na kila mmoja anasema anayo kalamu ya baba. Wakifikishana kwa kadhi, mambo si magumu: vyote viwili ni mali ya marehemu, vitathaminiwa na kugawiwa. Lakini ugomvi wao haukuwa wa mali. Kila mmoja anataka kuweka kalamu yake juu ya diwani ya mashairi ya mzee na kusema, hii ndiyo iliyoyaandika.

Hapo mwenye bomba la zamani anasema lisilo kweli, ingawa kalamu aliyonayo ni ya baba kwa kila maana nyingine. Ilikaa mfukoni mwa mzee, ilitiwa wino na mkono wake, ina alama za meno yake kwenye kifuniko. Ile mistari, hata hivyo, ilipita katika ufa wa nibu iliyo kwa nduguye. Umiliki na ushahidi ni vitu viwili, na neno "kalamu ya baba" huvibeba vyote bila ya kutuonya.

Atatokea wa kupinga kwamba si bomba wala nibu vilivyoandika, bali mkono. Hoja yake ina nguvu kuliko inavyosikika, na ushahidi wake uko hapahapa pwani. Waliokuwa wakiandika kwa kalamu za mwanzi walizichonga upya kila ncha ilipolegea, na kalamu ilifupika mpaka ikawa haishikiki. Bandu bandu huisha gogo. Lakini khati haikuisha. Muhamadi Kijumwa wa Lamu, mshairi, mchongaji wa mbao na mwandishi wa khati, alinakili tenzi nyingi kwa ajili ya wataalamu kama Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann, na anayezijua nakala zake huutambua mkono wake pasi na kuuliza ni kalamu ya ngapi. Ibn Muqla wa Baghdad, aliyefariki 940, anatajwa kuwa ndiye aliyezipima herufi kwa nukta ya kalamu yenyewe: alifu ina urefu wa nukta kadhaa, na nukta ni upana wa ncha. Badilisha kalamu nyembamba kwa nene, herufi zote zitakua kwa pamoja, na uwiano utabaki.

Mwenye hoja hii ana haki kwa mwanzi. Kwa nibu ya chuma yenye ncha ya duara ana haki nusu tu, kwa sababu ncha hiyo hutoa mstari wa unene mmoja kila inakoelekea, na aliyezoea kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu hupoteza humo unene na wembamba ambao mkono wake unaujua. Akitiwa nibu iliyokatwa mshazari, herufi zake humrudia. Mkono ni uleule, lakini bila ya nibu hiyo usingeonekana.

Siku hizi kalamu za Jinhao za Uchina huuzwa kwa bei ya chini, na wapenzi wa kuandika huzitoa nibu zao na kutia za Kijerumani, za Bock wa Heidelberg au JoWo wa Berlin, ambazo mara nyingi ni ghali kuliko kalamu nzima. Nibu nyingi za Jinhao zimechorwa 18KGP. Asiyejua husoma dhahabu ya karati kumi na nane, kumbe herufi mbili za mwisho zinakiri kwamba ni chuma kilichopakwa. Na hao Bock na JoWo huwatengenezea nibu watengenezaji wengi wa kalamu, wakachora juu yake jina la mnunuzi, si lao. Jina lililoandikwa juu ya nibu, basi, si ushahidi wa mahali ilikotoka, kama jina lililochongwa juu ya kifuniko lisivyokuwa ushahidi wa nibu iliyomo chini yake.

Wale ndugu wawili wangeweza kuifunga nibu ya mzee katika karatasi, wakaandika juu yake tarehe ilipotolewa na kalamu ilikotoka, na kuziweka mbili hizo pamoja. Ingehitaji mmoja wao akubali kuandika kwa nibu isiyo ya baba, na mwingine akubali kutoandika kabisa.